Bahasha ya Saba na ya Nane

Kufuli la kabati lilikuwa zima. Inspekta Anyelwisye alichutama mbele yake, akapitisha kidole kwenye bawaba, akamulika tundu la ufunguo kwa tochi, kisha akainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Ufunguo wenyewe ulining'inia kwenye msumari ubavuni mwa kabati, palepale ulipokuwa mwaka 1969, alipokuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule hii ya Sekondari Tulinagwe na maabara ilikuwa bado inanukia spiriti na mbao mpya.

Sasa ilinuka saruji. Nusu ya chumba ilikuwa imekatwa kwa ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta huo mfanyabiashara mmoja wa mjini Tukuyu alikuwa amepanga ghala la soda. Kila wapakuzi waliposhusha mzigo, kreti ziligongana na vumbi likadondoka kutoka darini.

"Umejionea, afande," alisema Mwalimu Mkuu Ambindwile. Alikuwa amesimama mlangoni, koti la suti limefungwa vifungo vyote kwa ajili ya baridi ya Julai. "Vioo kumi na viwili, vyote vimekwenda. Na mtu wa maabara ni mmoja tu, Amoni. Jana nilimleta kwenu mimi mwenyewe. Kilichobaki ni kumfikisha mahakamani."

"Ufunguo uko msumarini, Mwalimu. Yeyote anayeingia humu anaufikia."

"Anayejua kilichomo ni Amoni peke yake."

Anyelwisye alifungua kabati. Rafu ya juu ilikuwa na mizani ya shaba ndani ya sanduku lake la mbao. Rafu ya kati ilikuwa na lenzi ya kukuzia yenye mpini mweusi. Rafu ya chini ilikuwa tupu, na katikati ya vumbi lake palibaki alama ya mstatili, mahali sanduku la vioo lilipokaa miaka yote. Aliipima alama hiyo kwa rula, akaandika kwenye kijitabu chake.

"Mwizi ameacha shaba," alisema bila kuinua kichwa. "Ameacha na lenzi. Hivyo vyote vina mnunuzi mjini leo hii kabla ya saa sita. Amebeba vioo vya zamani vyenye vidoa vyeusi. Alivitakia nini?"

"Mwizi ana akili gani, afande?"

"Wengi wanazo. Tatizo lao huwa ni haraka."

Vioo vyenyewe alivifahamu kuliko Mwalimu Mkuu alivyodhani. Vililetwa na marehemu Mwalimu Alinanuswe, mzaliwa wa Lupepo, aliyekwenda kusoma fizikia ng'ambo na kurudi na sanduku la mbao begani badala ya radio kama walivyorudi wenzake. Ndani yake mlikuwa na picha za anga zilizopigwa juu ya vioo, kila kimoja ukubwa wa ukurasa wa daftari, nakala za ziada alizopewa na walimu wake wa kituo cha kutazamia nyota. Anga humo lilikuwa jeupe na nyota zilikuwa nyeusi. Mwalimu alikuwa akiwapanga wanafunzi wawiliwawili dirishani, anawapa kioo kimoja na lenzi, na kuwaambia, "Mnaangalia mji. Si kila doa ni nyota. Mengi humu ni galaksi, na kila galaksi ina nyota nyingi kuliko majani ya chai yote ya Rungwe."

Miongoni mwa galaksi hizo ilikuwemo moja waliyoiita Dengu. Mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba ina umbo la dengu, akakuta darasa zima halijawahi kuona dengu. Alimtuma Anyelwisye mbio hadi duka la Mhindi kule chini mjini, akarudi na dengu za kujaza kiganja kimoja mfukoni mwa kaptula. Mwalimu akaishika punje moja kwa vidole viwili, akaigeuza ubavu. "Haina mikono ya kuzunguka kama nyingine. Gesi imekwisha, nyota mpya hazizaliwi tena humo. Waliobaki ni wazee watupu, lakini taa zao bado zinawaka. Na mwanga huu mnaouona ulianza safari miaka zaidi ya milioni mia moja iliyopita." Siku ile darasa lilisahau kengele ya chakula.

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Twende ofisini, afande. Kuna barua unapaswa kuiona."

Ofisini mlikuwa na joto kidogo kwa sababu ya jiko la mkaa. Ukutani, juu ya kiti, ilitundikwa picha kubwa ya harusi katika fremu ya dhahabu: binti wa Mwalimu Mkuu na mumewe, shela imejaa hadi miguuni. Anyelwisye aliisogelea, kama wageni wafanyavyo. Kwenye kona ya chini, juu ya shela, palikuwa na vidoa vidogo vyeusi. Alivigusa kwa kidole gumba, akajaribu kuvifuta. Havikutoka.

"Harusi ilifana," alisema.

"Aprili. Mungu ni mwema." Mwalimu Mkuu alimsukumia barua mezani.

Ilitoka kwenye kituo kilekile cha kutazamia nyota. Mtafiti mmoja alikuwa akipekua mafaili akakuta barua ya mwaka 1969 ya Mwalimu Alinanuswe, ikieleza kwamba mwanafunzi wake amelinganisha vioo viwili vya usiku tofauti, na katika kimojawapo ameona doa ubavuni mwa galaksi ile ambalo kwenye kingine halipo: nyota iliyolipuka. Wakati ule waliijibu kwa shukrani tu, ikawekwa. Baadaye vioo vyao vya usiku huo viliungua kwa moto. Sasa vilivyobaki duniani ni vile vya Tulinagwe. Mtafiti angefika Ijumaa kuvipima, na alitaka kuandika jina la mwanafunzi huyo kwenye taarifa yake, kwa kuwa barua ya Mwalimu haikulitaja.

Anyelwisye aliisoma mara mbili. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Nimeangalia kumbukumbu za shule," alisema Mwalimu Mkuu, sauti imeshuka. "Wewe ulikuwa darasa lile. Ulikaa dawati la dirishani. Bila shaka huyo mwanafunzi ni wewe."

"Nani kakwambia?"

"Sasa nani atasema siyo? Mwalimu Alinanuswe amefariki. Mgeni akija, tunamwambia vioo viliibwa na mhudumu mlevi, mwizi keshashikwa, na aliyeona nyota ni huyu hapa, inspekta wa polisi, tunda la shule yetu. Shule inapata heshima, wewe unapata jina. Tumalize mapema tu, kaka yangu."

"Amoni hanywi pombe," alisema Anyelwisye. Aliikunja barua, akaitia mfukoni kama kielelezo, na kuomba daftari la ruhusa za wafanyakazi. Mwalimu Mkuu alisita, kisha akalitoa kwenye droo ya chini.

Alilipitia kwa kidole. Tarehe 14 Machi: *Amoni, siku moja, msiba Kisondela.* Saini ya Mwalimu Mkuu chini yake. Anyelwisye alinakili mstari huo neno kwa neno.

"Chumba kilikatwa lini kwa ajili ya ghala?"

"Machi hiyohiyo. Serikali haituletei hata chaki siku hizi, afande. Kila shule ijitafutie. Tumepunguza wafanyakazi, na Amoni alikuwa kwenye orodha ya kuondoka Septemba. Hapo ndipo alipopata hasira ya kuiba."

"Kwa hiyo akitiwa hatiani?"

"Anaondoka bila kitu. Sheria ndiyo inavyosema."

*

Nyuma ya maabara palikuwa na shimo la taka. Mvua za masika zilikuwa zimeligeuza kuwa tope, lakini juu, chini ya ukingo wa matofali, palikuwa na rundo lililokauka. Anyelwisye alivua koti, akateremka, akaanza kutoa karatasi mojamoja na kuzipanga juu ya nyasi. Alitafuta kwa zaidi ya saa nzima. Alipomaliza, alikuwa na bahasha kumi nyeusi za karatasi nene, nyingine zimeliwa na unyevu. Kila moja ilikuwa na namba nyeupe pembeni: moja hadi sita, kisha tisa hadi kumi na mbili.

Alikaa ukingoni mwa shimo, akafikiri.

Vioo vile havikuwahi kutembezwa bila bahasha zake. Mzee Amoni ndiye aliyewafundisha hivyo kabla hata ya Mwalimu, tena kwa makofi ya mgongoni: shika pembeni, usiguse uso, rudisha kwenye bahasha. Mtu huyo hawezi kuvitoa kumi nje ya bahasha na kutupa bahasha shimoni. Aliyefanya hivyo alihitaji kioo tu. Picha kwake ilikuwa uchafu. Lakini bahasha ya saba na ya nane hazikuwepo shimoni. Vioo hivyo viwili viliondoka vikiwa vimevaa nguo zao. Basi palikuwa na mikono miwili tofauti: mmoja ulitupa, mwingine ulihifadhi.

Na saba na nane, alikumbuka vizuri kabisa, ndivyo vilivyokuwa jozi ya Dengu.

*

Mzee Amoni alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani, kofia ya sufu magotini. Alikuwa amezeeka usoni tu. Mikono yake mipana ilikuwa ileile iliyowapangia mirija na mizani.

"Ndaga, tata," Anyelwisye alimsalimu kwa Kinyakyusa, kama mtu amsalimuvyo baba yake, akachutama.

"Ndaga." Mzee hakumtazama. "Gwe Anyelwisye, usipoteze siku yako. Mimi nimezeeka. Andikeni mnachotaka, nitaweka dole gumba."

"Unajua kuandika jina lako. Ulinifundisha mimi kuandika 'asidi'."

"Vioo viko wapi, tata?"

"Sijui."

"Sikuulizi vile kumi. Nauliza viwili."

Mzee Amoni aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Macho yake yalimpitia Inspekta usoni, kisha mlangoni, kisha yakarudi kwenye kofia. "Hakuna viwili," alisema, polepole mno.

"Kisondela ulikwenda kwenye msiba wa nani?"

"Wa watu."

"Ukoo wako wote uko Lupepo. Mkeo, Mama Lazaro, naye ulimwoa Lupepo. Kisondela huna hata binamu."

"Mtu hahitaji binamu ili azike." Akageukia ukuta. "Niache, mwanangu. Aliyehifadhi kitu asiadhibiwe kwa ajili yangu."

Anyelwisye alitoka. Kwenye kaunta ya kituo, Konstebo Lilian alimuuliza kama mzee amekiri. "Amekiri kwamba kuna mtu wa pili," alijibu, "na kwamba anampenda kuliko anavyojipenda yeye." Kisha akamwomba amchukulie mzee chai ya moto na mkate.

*

Kioo mjini Tukuyu kilikuwa na watu watatu wa kukihitaji: fundi wa madirisha, muuza vioo vya kujitazamia na Jaffari wa fremu. Wawili wa kwanza walitaka vioo vikubwa. Anyelwisye alianza na wa tatu.

Tangu biashara ilipofunguliwa, duka la Jaffari karibu na soko lilikuwa halipumziki. Mbao za fremu zilizopakwa dhahabu zilikuja kutoka Dar es Salaam kwa mafungu, na kila aliyepiga picha ya harusi au ya kipaimara alitaka ukuta wake ung'are. Kilichokuwa adimu ni kioo, kwa sababu kilivunjika njiani.

"Mwezi wa tatu ulipata vioo vyembamba, vimekatwa sawasawa, ukubwa wa daftari," Anyelwisye alimwambia baada ya salamu.

Jaffari aliweka nyundo chini. "Nilipata. Kuna ubaya?"

"Vilikuwa vingapi?"

"Kumi. Nilitarajia kumi na viwili, nikaambiwa viwili vilivunjika."

"Aliyeleta?"

"Mwalimu Mkuu, kwa pikapu ya shule. Hatukuuziana, afande, tulibadilishana: yeye vioo, mimi fremu kubwa ya harusi ya binti yake. Aliniambia ni takataka za maabara."

"Amoni hakuwepo?"

"Mzee yule alikuwa nyuma ya pikapu, amekumbatia sanduku. Aliposhusha hakunisalimu. Alikuwa kama mtu aliyetoka kuzika."

Mke wa Jaffari, Hajira, alikuwa mlangoni anapasi mapazia. Alisema bila kusimamisha pasi, "Mimi ndiye niliyeviosha, baba. Maji ya moto na magadi, utando unalainika, unakwangua. Vilikuwa na vidoa kama mavi ya nzi. Kimoja tu kilinishinda kona, ndicho kilichokwenda kwenye fremu ya Mwalimu maana alikuwa na haraka."

Anyelwisye aliandika maelezo yao, akawasomea, wakaweka saini. Alipofika mlangoni alisimama.

"Hivyo vingine viko wapi sasa?"

Jaffari alitandaza mikono. "Kwenye kuta za watu. Kawetele, Lupepo, hata Kyela. Nyuma yake kuna maarusi na marehemu. Utaviona, lakini vidoa hutaviona."

Anyelwisye alivaa kofia yake. Alivuka barabara taratibu, akasimama kwa muda mbele ya duka lililokuwa zamani la Mhindi wa dengu na sasa linauza viatu vya mitumba, ndipo akaendelea na safari.

*

Lendirova ya polisi haikuwa na mafuta. Alipanda lori la chai hadi njia panda, kisha akateremka kwa miguu kuelekea Kisondela, migomba imefunga pande zote mbili na ukungu umekaa juu yake kama moshi wa jikoni. Alijua anakokwenda. Elina, mwenzake wa dawati la dirishani aliyegawana naye jozi ya Dengu, alikuwa ameolewa huko mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kuacha shule ili awalee wadogo zake mama yao alipopooza. Alikuwa hajamwona kwa miaka kumi na sita, tangu mazishi ya mumewe.

Alimkuta uani anachagua maparachichi, mabovu upande huu, mazima upande ule. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Alimtazama mgeni mwenye koti la kipolisi kwa muda mfupi tu.

"Gwe Anyelwisye," alisema. "Umenenepa."

"Na wewe hujabadilika kusema."

Alimpa kigoda na maziwa mgando, wakaulizana habari za watoto, za wazazi waliotangulia na za kahawa iliyoshuka thamani. Anyelwisye alisubiri maziwa yaishe ndipo akasema, "Nimefuata ya saba na ya nane."

Elina hakujifanya hakuelewa. Aliingia ndani, likasikika sanduku la bati likifunguliwa, akatoka na kitu kilichoviringishwa kwa kitenge. Aliketi, akakikunjua mapajani. Bahasha mbili nyeusi, safi, namba nyeupe pembeni.

"Mzee Amoni alivileta Machi," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha mawe. Alikuja amevifunga tumboni ndani ya shati. Akaniambia, vingine vinakwenda kuoshwa, hivi nimesema vimevunjika, shika, ni vyako. Akanywa uji akaondoka. Sijui ana umri gani yule mzee, afanye safari ile kwa miguu."

"Yuko mahabusu tangu jana. Anashtakiwa kwa vyote kumi na viwili."

Mkono wa Elina ulitua juu ya bahasha na kubaki hapo. "Na hakusema viko kwangu?"

"Anaogopa utashtakiwa kupokea mali ya wizi. Hajasema hata jina lako."

Elina akatoa kioo cha nane, akakiinua kwenye mwanga kwa ncha za vidole. Anyelwisye akatoa lenzi aliyokuja nayo kutoka kabatini. Hakuhitaji kumwonyesha mahali. Elina aliiweka lenzi moja kwa moja juu ya Dengu, akasogeza kichwa pembeni ili naye apate nafasi, kama walivyokuwa wakipeana nafasi dirishani.

Ilikuwepo. Nyembamba, imechongoka ncha mbili, imezungukwa na jamaa zake zote za mji ule wa mbali. Na ubavuni mwake, pale ambapo kioo cha saba kilikuwa kitupu, doa dogo kama ncha ya sindano.

"Ulisema ni vumbi," alisema Elina.

"Nilisema."

"Ukataka kulifuta kwa kiwiko cha shati. Nikakung'ata."

"Alama ninayo mpaka leo." Alijikuta anacheka, na Elina naye akacheka, kisha wote wawili wakaacha kwa wakati mmoja. "Mwalimu alisema ataandika barua. Kwa nini hakuweka jina lako?"

"Alitaka kwanza wahakikishe. Alisema wakijibu ndiyo, ataandika ya pili yenye jina. Walipojibu, nilikuwa nimeshaondoka shule. Alikwenda nyumbani kwetu mara mbili kumbembeleza baba mkubwa anirudishe." Aligeuza bahasha. Nyuma, kwa wino wa kijani uliopauka, mwandiko wa Mwalimu Alinanuswe ulisomeka bila shida: *Doa jipya limeonwa na Elina, Kidato cha Tatu B, tarehe 9 Septemba 1969.* "Lakini hapa aliandika."

Anyelwisye alimweleza kila kitu: barua, mgeni wa Ijumaa, na jinsi Mwalimu Mkuu alivyotaka kumpa yeye jina.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwomba daftari la ruhusa."

Elina alifunga kitenge. "Nisubiri nibadili viatu," alisema. "Jina ni langu, nalitaka. Na mzee yule halali tena sakafuni."

*

Walifika kituoni alasiri ya siku ya pili, wakiwa wamelala kwa dada yake Elina njiani. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaitwa. Aliambiwa aje na fremu ya harusi, akaja nayo imefungwa kwa gazeti, uso umejaa maswali.

Anyelwisye aliilaza mezani. Hakupandisha sauti. Alimpangia mambo kama alivyoyakuta: shaba iliyoachwa, bahasha kumi za shimoni, maelezo ya Jaffari na ya Hajira. Kisha akaweka lenzi kwenye kona ya chini ya kioo, juu ya shela.

"Tazama, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu aliinama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zile ni nyota ishirini na tatu," alisema Anyelwisye. "Nimezihesabu. Ndizo zilizobaki za vioo kumi."

"Afande, mimi nilidhani..." Mwalimu Mkuu alijivuta kitini, koti likampanda mabegani. "Miaka kumi na miwili hakuna aliyelifungua lile kabati. Mwalimu wa fizikia sina. Watoto wanakaa chini. Nikaambiwa kila kona ya shule itumike. Mimi ningejua vipi kwamba mtu ataandika barua?"

"Hilo nakuelewa. Kubadilisha takataka kwa fremu si kosa kubwa. Lakini barua ilipokuja ulijua vioo viko wapi, na ukamleta mzee wa watu kituoni."

"Tulikuwa tumeelewana, mimi na wewe..."

"Hatukuelewana. Uliongea, mimi nikasikiliza." Akamgeukia Konstebo Lilian. "Andika kwamba mlalamikaji ametoa taarifa ya uongo kwa polisi. Atasubiri hapa mpaka mkuu wa kituo arudi. Na mlete Mzee Amoni."

Mzee aliingia ameshika kofia, akamwona Elina, akasimama. Elina alimwendea, akapiga goti kidogo na kumshika mikono yote miwili kwa heshima.

"Nilikwambia usitoke navyo," mzee alinong'ona.

"Na mimi nilikusikia, tata. Kaa hapa. Wameleta chai."

Mzee akaketi. Hakumtazama Mwalimu Mkuu hata mara moja. Alipopewa kikombe, Anyelwisye akakishikilia chini mpaka akapata kukishika vizuri.

Konstebo Lilian alivuta karatasi mpya kwa ajili ya maelezo ya Elina. Aliuliza kwa utaratibu: jina, umri, kabila, kazi.

"Mkulima."

"Elimu?"

"Kidato cha tatu. Sikumaliza."

Lilian aliandika ukurasa mzima, kalamu ikikimbia. Alipofika mwisho wa ukurasa, akasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: "...nikakabidhiwa na Mzee Amoni vioo viwili vyenye picha ya nyota iitwayo Dengu, ambayo niliiona mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi..."

"Simama hapo, binti," alisema Elina.

Lilian akaacha kusoma.

"Dengu si nyota. Dengu ni galaksi. Nyota ni lile doa la ubavuni, ililipuka humo ndani. Ukiandika nyota tu, huyo mgeni wa kesho atadhani hatujui tulichokiona."

Konstebo alimtazama Inspekta wake.

"Shahidi ni yeye," alisema Anyelwisye. "Andika anavyosema."

Lilian alikata neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akauliza galaksi inaandikwaje. Elina akamtajia herufi mojamoja, akaichukua kalamu na kuweka saini yake pembeni ya sahihisho, kisha akairudisha na kusogeza kiti karibu na meza.

"Endelea," alisema. "Bado tuko kwenye kioo cha saba, cha nane hatujakifikia."